Sakoshi ya Papa Batoto

Watu wakiandika juu ya marehemu wao wanaandikaka alikuwa mpole, mcha Mungu, hakukasirika hata siku moja. Mimi sitaweza, juu watoto wake watasoma hii na watacheka mpaka waanguke. Bwana yangu alikuwa mtu wa kununa. Aliwahi kununa wiki mbili nzima sababu nilitumia karatasi yake moja kuwashia mbabula ya makaa, anakula anaweka sahani chini anatoka, hasemi kitu, na karatasi yenyewe ilikuwa risiti ya misumari.

Alikuwaka masoni hapa Goma, mashariki ya Kongo. Si wale wa majumba ya Himbi yenye vioo hapana, masoni wa kawaida, wa kujenga ukuta wa mawe ya volkano, kupiga krepi, kumwaga beto. Ukitembea kwetu utaona vile viukuta vyeusi vimezunguka parseli, viwanja vya watu, jiwe juu ya jiwe, njo kazi yake ile. Alikufa mwezi wa saba 2022, sukari iliingia mpaka ikamaliza figo. Tulikaa naye kwenye ndoa miaka 27, na nikihesabu ile tuliyoanza kabla ya kuandikishwa komini, ofisi ya serikali, ni zaidi.

Nataka kuongea juu ya sakoshi yake, ule mkoba wake.

Ilikuwa sakoshi nyeusi, zipu ilikufa zamani, anaifunga na kamba ya mpira. Ndani kuna karatasi, na karatasi amezizungushia kipande cha shitingi, ile plastiki ya wakimbizi ya 1994, iko ngumu haipitishi maji. Mwanzoni nilidhani anaficha pesa. Nikangoja siku moja ameenda shantie, kwenye ujenzi, nikafungua. Risiti, fishe ya parseli, ile hati yake, kadi za chanjo za watoto, na kaye moja, daftari la mistari. Nikaifunga nikiwa na hasira, heri ningekuta pesa.

Sisi tulifunga ndoa ya komini 1995, kule Karisimbi. Wakati ule karibu hakuna mtu wa hali yetu alikuwa anaenda komini, watu walikuwa wanalipa mahari, wanaenda kanisani kama pesa inatosha, basi, kila mtu anajua ule ni bibi ya fulani. Na mji ulikuwa bado umejaa matatizo ya wakimbizi waliovuka kutoka Rwanda mwaka uliopita, nani anafikiria afisa wa etasivili, yule wa kuandika ndoa? Yeye akasema tunaenda. Nilitaka kitenge kipya, akasema pesa ya kitenge njo ile itatoa karatasi. Nilienda komini na kitenge cha dada yangu, na nilimnunia kidogo, juu hata mimi najua kununa.

Sasa 2002. Tarehe 17 mwezi wa kwanza, siku ya alhamisi, Nyiragongo, mlima wetu wa moto, ulikuwa umeshapasuka toka asubuhi na watu wanasema ah, itaishia kule juu, na kweli mlima wetu unatisha kila siku, usiku unaona mbingu nyekundu unalala tu. Mchana njo tukaona moshi umekuja karibu. Nilikuwa na watoto watatu, mdogo mgongoni. Nikashika godoro, nikashika sufuria, namwita Papa Batoto, shika radio, shika ule mfuko wa unga! Mzee anatoka ndani ya nyumba na sakoshi kifuani na mtoto wa pili mabegani. Hakuna radio, hakuna unga. Nilimtukana, nisiwafiche. Nilimtukana kuanzia Majengo mpaka barrière ya Rwanda, kati ya maelfu ya watu, na watu na vichwa vyao vya godoro wanatugeukia. Yeye anatembea tu. "Mama batoto, unga tutanunua." Na nini? Na nini utanunua, na risiti za misumari?

Tulilala Gisenyi, upande wa Rwanda, nje, mvua ikatupiga, na tetemeko kila mara, ardhi inacheza chini ya mgongo. Siku ya pili ya tatu watu wakaanza kurudi, nasi tukarudi, juu kukaa kwa watu bila kitu ni kubaya kuliko volkano. Tulikuta avenyu yetu haiko. Sisemi iliharibika, nasema haiko. Kuna mto wa jiwe jeusi mrefu kupita mtu, umepita katikati ya mji, umekata uwanja wa ndege, umekata hata katedrali, mpaka ziwani, na mvua ikigusa pale inapanda moshi. Nyumba yetu ya mbao iko chini kule, kama iko.

Hapa njo mambo ya sakoshi yalianza kunipita akili. Jiwe lilipopoa kidogo watu wakarudi kutafuta parseli zao, na hakuna mtu anajua yake ni wapi. Hakuna ua, hakuna mti, hakuna barabara. Mmoja anasema kwangu ni hapa, mwingine anasema hapa nilikuwa na choo. Walipigana watu. Mzee akafungua kamba ya mpira, akatoa kaye. Alikuwa ameandika, miaka kabla, wakati hakuna hata mtu alikuwa anafikiria hiyo: kutoka kona ya depo ile ya ng'ambo mpaka nguzo ya mlango wetu mita 31. Parseli mita 15 kwa 20. Depo ile moto uliiacha, ilibaki imesimama peke yake kama jino la mzee. Akachukua kamba, akaanza kupima juu ya jiwe bado vuguvugu, viatu vyake vya plastiki vinanuka. Akaweka mawe manne. "Ni hapa."

Majirani wakacheka, halafu wakanyamaza, halafu wakaja. Kama kwetu ni hapa basi na kwao kunaweza kujulikana. Chefu wa avenyu akawa anazunguka naye na kamba. Hakuomba pesa, alichoomba ni kila mtu aandike ile vipimo mara mbili, moja abaki nayo, moja ampe yeye. Njo sababu sakoshi ilinenepa. Mpaka leo niko na vipimo vya parseli za watu ambao walishahama wako Kampala.

Tulijenga tena palepale, juu ya mgongo wa jiwe, chini mawe, juu mbao. Nyumba ilisimama haraka. Choo njo ilitutesa. Wenye hawajui Goma hawawezi kuelewa, kwingine mtu anachimba choo siku mbili tatu, sisi unachimba jiwe. Aliamka saa kumi za usiku kabla ya kwenda shantie, nyundo, tindo, mtaimbo, ko ko ko ko, jirani wanalalamika, mpaka saa kumi na mbili, anaoga anaenda kuvunja mawe ya watu wengine kwa pesa. Alifanya vile zaidi ya miezi mitatu. Kila siku labda kina cha kiganja. Nikamwambia lipa vijana wakusaidie, akasema pesa ya vijana ni pesa ya shule. Choo ile iko mpaka leo na mimi sijaruhusu mtu kuibomoa, wanangu wanataka ya kisasa, nasema jengeni yenu pembeni.

Na watoto, hakuwa baba wa kubeba beba. Alikuwa baba wa kuonyesha. Mara moja tulikuwa tunaenda Sake kwao, upande ule wa kupita Mugunga, watoto wakaona mbuzi amelala kwenye shimo wakataka kushuka. Akapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia tena. Akawakalisha chini mbali, akawaambia angalieni vizuri, mbuzi hakulala, amekufa, kuna ndege mbili pale kando yake, kuna mjusi. Akawaeleza mazuku. Kwamba ardhi yetu inatoa hewa mbaya, nzito kuliko hii tunayopumua, haina rangi na pale haina hata harufu, inakaa chini kwenye mashimo kama maji, zaidi asubuhi mapema wakati hakuna upepo, na mtu mrefu anaweza kupita salama mtoto wake kando akaanguka. "Mtu akianguka mule usishuke kumtoa. Ita watu." Mwanangu wa tatu leo naye anawaambia wake maneno yaleyale, na ile sauti.

Shule alilipa kama mtu anayelipa deni la Mungu. Hii elimu ya bure ya msingi ilianza 2019, sisi tulikuwa tumeshatoka jasho lote. Kuna shule moja iliwahi kumfukuza binti yetu wa pili katikati ya mtihani wanasema hajalipa trimesta. Mtoto akarudi analia. Mzee akavaa koti yake ya matanga, akachukua sakoshi, akaenda akakaa mbele ya ofisi. Akatoa risiti moja moja akazipanga juu ya meza ya direkta kama karata. Zote zilikuwepo, hata za mwaka uliopita. Mtoto alifanya mtihani siku ileile na mzee alingoja nje mpaka amalize, juu hakuamini watu.

Sasa niseme lile nililolikwepa. Alikuwa na binti mwingine, wa kabla yangu, alimzaa na mwanamke wa Sake. Nilijua kuna mtoto, sikujua amemwandikisha. Siku moja kwenye sakoshi nikakuta akti ya kuzaliwa, jina lake yeye kama baba, na muhuri. Nilikasirika karibu mwaka. Si juu ya mtoto kuzaliwa, mtoto alikuwa ameshazaliwa, ila ile muhuri, nilihisi kama ameweka mguu wa mtu mwingine ndani ya parseli yangu. Akanijibu neno moja tu: "Kama haiko kwenye karatasi, siku nikikufa watamfukuza." Nikamwambia acha kujitakia kufa. Binti akaja kukaa kwetu ana miaka 11, na sitajisifu, mwaka wa kwanza sikumtendea vizuri. Alikuwa anachota maji kuliko wengine. Mzee aliona, hakusema, akaanza kwenda kuchota naye, bidoni mbili yeye, moja mtoto. Nikaona haya, nikaacha.

2021 mlima ulituamsha tena, jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano, saa moja usiku mbingu imekuwa damu. Safari hii sikupiga kelele. Niliuliza tu, sakoshi iko wapi? Alicheka. Alikuwa ameshakonda, miguu inavimba, akaivaa kifuani na mjukuu wetu mkononi. Lava ilisimama kule Buhene, karibu na uwanja wa ndege, haikutufikia. Lakini siku chache baadaye asubuhi serikali ikasema mitaa 10 itoke, moto unaweza kuwa chini ya mji, basi tukaenda Sake kwao na nusu ya Goma, maji hakuna, watu wanalala kwenye madarasa. Kule njo ugonjwa ulimshika sana. Dawa za sukari zilibaki nyumbani. Karatasi zote alibeba, dawa akasahau, na mimi nikasahau kumuuliza. Hii bado inaniamsha.

Akaishi mwaka mmoja na kidogo. Hospitali, kurudi, hospitali. Nitapita hapo haraka, walioguswa wanajua. Siku ya kuzika, wenzake wa shantie hawakukubali mtu alipwe kwa kuchimba kaburi. Walienda wenyewe na nyundo na tindo siku mbili kabla, ko ko ko ko, na mimi kwa matanga nikiwa nimekaa kwenye mkeka nilikuwa nasikia ile sauti kichwani kama bado anachimba choo.

Matanga yalipoisha ndugu zake wakaomba tukae. Wadogo zake wawili, baba yake mdogo, na shangazi yake mzee sana ambaye walimleta kwa pikipiki kutoka Sake, nafikiri walimleta ajaze hesabu. Shemeki yangu mdogo akaanza vizuri, pole bibi ya ndugu yetu, umechoka, watoto wamekua. Halafu akasema parseli ni ya familia, marehemu alikuwa mtoto wetu, na wewe bado una nguvu unaweza kurudi kwenu ama kuolewa. Akasema tena kwamba yule binti wa nje hana chake. Nilitaka kujibu, mdomo ulikauka. Miaka 27 na mdomo wangu wote huo, siku niliyouhitaji haukufunguka.

Aliyesimama ni yule binti. Hakusema kitu. Aliingia chumbani akatoka na sakoshi, akafungua mpira, akakunjua shitingi, akapanga karatasi mezani moja moja kama vile baba yake. Akti ya ndoa ya komini. Fishe ya parseli, 1998, tumeinunua tukiwa tumeshaoana, majina yetu wawili. Akti za kuzaliwa za watoto wote, sita wangu na yeye wa saba. Mtoto wa jirani anayefanya kazi ya sheria alikuwa ameketi nje tukamwita, akaeleza polepole bila kiburi, kwamba kwa akti ile mali tuliyopata pamoja ndani ya ndoa nusu ni yangu tayari kabla ya kugawa chochote, na ile nusu ya marehemu, kwa Sheria ya Familia ya 1987 na ile ya 2016 iliyoirekebisha, robo tatu ni za watoto, wote ambao baba aliwatambua bila kuchagua tumbo, na robo inayobaki njo ndugu wana kipande ndani, kipande, na mjane na wazazi wako mule pia. Shemeki akasema hizo ni sheria za wazungu, sisi tuko na mila.

Shangazi, ambaye tulidhani amelala, akagonga fimbo.

"Mila gani? Wewe ulikuwa mgongoni."

Watu wakamtazama. Akaendelea, anamnyoshea fimbo shemeki. "Baba yenu alipokufa Sake, baba zako wakubwa walimtoa mama yenu kwa nyumba wiki ileile. Walisema mila. Alitoka na sufuria moja na wewe mgongoni, unanyonya. Na huyu tunayemlilia alikuwa na miaka 12, alibeba mkeka. Walilala kwangu miezi minane. Kila siku ananiuliza, shangazi, kuna karatasi gani mama angeonyesha? Sikujua kujibu, sikusoma. Sasa leo unataka kuja kufanya hapa nini?"

Mimi nilikuwa sijui. Miaka yote ile hakuniambia. Alisema tu mama yake alimlea kwa shangazi, nikadhani ni umaskini wa kawaida. Shemeki aliinama akaweka mikono usoni, ni mtu mzima, ana wajukuu, alilia kama mtoto, na mimi nikaenda kuleta maji. Hatukugombana tena. Mwezi wa kwanza 2025 vita ilipoingia mjini alikuja kulala kwetu na familia yake, tulijazana chini ya vitanda tunasikia mabomu, na sakoshi ilikuwa kati yetu kama mtoto mwingine.

Kaye sikuifungua haraka. Nilingoja mpaka mwaka. Nusu ni madeni, nani anamdai, nani anadaiwa, simenti ngapi, tarehe. Wengine niliwaendea wakalipa, mmoja alikataa mpaka alipoona mwandiko, akasema ah, mzee huyu! akacheka akatoa. Katikati ya majina ya watu nikakuta langu. Ameandika "Mama batoto, likelemba, 60 dola", mwezi wa tisa 2009. Nilikuwa nimesahau kabisa, zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, iliangukia wakati anataka kununua mabati nikampa yote, kwangu mimi ilikuwa pesa ya nyumba. Yeye aliiandika deni. Na chini yake mistari: 5 amelipa, 5 amelipa, 10 amelipa, na tarehe. Nikajaribu kukumbuka zile siku. Kuna siku aliniletea sambaza nyingi, vile visamaki vya ziwa, bila sababu. Kuna siku alinipa pesa akasema ya nywele. Zote ameziweka pale kama malipo. Mstari wa mwisho, mwandiko umetetemeka, 2022: "bado 15".

Nikawasomea watoto jioni moja, wakacheka, wakanyamaza. Mwezi uliofuata yule binti wa Sake, siku hizi anauza viatu Birere na ana watoto wawili, akaja na dola kumi na tano mkononi, zimenyooka, ananiambia mama, deni ya papa, nipe kaye tufunge.

Nilichukua kumi. Nikaandika tarehe, nikaandika "bado 5", nikarudisha mpira.

Akasema, mama, na hizi tano?

Nikamwambia apelekee watoto mikate.